Upepo Ulioingia Shavuni

Siku hizi mwanamke wa hapa Olumbi akitaka kwenda kuchomwa sindano za Kichina, huja kwanza kwangu. Hanijii kwa kuwa nimesoma. Nilisoma chuoni nikahitimu Kurani, na herufi za Kireno nilifundishwa ukubwani nikazishika nusu. Huja kwa sababu ya uso wangu. Upande wa kushoto wa mdomo umelala kidogo, kama mkeka uliochoka pembe, na chini ya sikio nina kovu la ukubwa wa kunde. Mtu akitaka kujua njia ina shimo wapi, humwuliza aliyetumbukia.

Nami huwaambia. Tazama kama anafungua sindano mpya mbele ya macho yako, itoke kwenye karatasi yake, na akimaliza aitupe. Sikiliza anakuuliza nini kabla hajakugusa. Anayekutajia siku ya kupona, mkimbie. Wananishukuru, wanakunywa chai yangu, wanakwenda zao. Wakishaondoka mimi nabaki barazani na uchungu wangu, kwa sababu hayo yote niliambiwa mapema, nikayasikia kwa masikio haya mawili, na nikayapita kwa ajili ya neno moja tu.

Neno lenyewe ni upepo.

Ilianza alfajiri, natia udhu. Nilijaza maji kinywani nisukutue, maji yakanitoka yenyewe, upande mmoja, yakateremka mpaka kifuani. Nikajaza tena, yakatoka tena. Nikaigeuza kata nitazame kama imetoboka. Kumbe kilichotoboka ni mimi. Nikasali hivyo hivyo, Fatiha inatoka na mate.

Kulipopambazuka mjukuu wangu akaniletea chai. Huyu ni mtoto wa binti yangu, ndiye niliyebaki naye nyumbani, msichana wa darasa la kumi na mbili, Kireno kwake ni kama maji. Akanitazama, akaweka kikombe chini.

"Bibi, cheka."

"Nicheke nini asubuhi yote hii?"

"Cheka tu, nikuone."

Nikacheka. Akajifunika mdomo kwa mkono. Nikaomba kioo, akakataa kunipa, nikamwambia, "Mke mwenzangu, lete kioo, mume wetu alishakufa, hakuna wa kumficha." Akaleta. Nusu ya uso wangu ilikuwa ya kwangu. Nusu ya pili ilikuwa ya mtu aliyelala. Jicho halifumbiki, liko wazi kama la samaki aliye kwenye meza ya soko.

Wifi yangu, dada wa marehemu mume wangu, anakaa nyumba ya pili. Alikuja mbio, akasimama mlangoni, akasoma dua, na alipomaliza dua akashindwa kujizuia.

"Wifi, mdomo wako unakwenda Palma na wewe unakwenda Mocímboa. Mtakutana wapi?"

"Kwenye mazishi yako," nikamwambia. Lakini ile 'mazishi' haikutoka vizuri, ilitoka kama mtu anayepuliza moto, na hapo wifi hakucheka tena.

Hospitali walinipima. Daktari aliniambia niinue mikono, niinue nyusi, nijaze mashavu hewa. Akasema si kiharusi, ni mshipa wa fahamu wa uso umevimba. Akanipa vidonge, matone ya jicho, akasema jicho nilifunge kwa kitambaa nikilala. Wengine hupona wenyewe, wengine hukawia, wengine uso haurudi wote.

"Mimi ni wa wapi katika hao?" nikamwuliza.

"Siwezi kukwambia, mama."

Sasa lazima niseme kwa nini sikuweza kukaa nikangoja. Mjukuu alikuwa ameshaposwa, na harusi ilikuwa baada ya Ramadhani. Na kwetu, katika nyumba hii, bibi harusi havuki kizingiti mpaka mama yake apige kigelegele cha kwanza. Si mwanamke yeyote. Mama. Anasimama nje ya mlango, bibi harusi yuko ndani, wanawake wote kimya, mama anapiga, ndipo mguu unatoka. Mama yangu alinipigia. Mimi nilimpigia binti yangu, na walioko hai watakwambia kwamba kigelegele kile kilisikika ufukweni watu wakaacha nyavu. Sijisifu. Ndivyo kilivyokuwa. Kila harusi kuanzia hapa mpaka Mocímboa nilikuwa naitwa, na wifi yangu alikuwa anakuja nyuma yangu na kile chake, ambacho mimi nilikiita cha mbuzi, mbele yake na nyuma yake.

Binti yangu, mama wa huyu msichana, tulimzika ugenini, mwaka ule wa kukimbia vita. Tulimzika kimya, hakuna aliyelia kwa sauti, maana kila mtu aliogopa sauti yake mwenyewe. Homa ilipomzidi alinishika kanga akasema, "Mama, mwanangu akiolewa utampigia wewe. Piga changu na chako." Nikamwambia nitapiga. Hakuna kingine alichoomba. Hakuomba hata maji.

Basi mtu anayesubiriwa na kitu kama hicho hawezi kuambiwa "wengine hukawia".

Habari za sindano zilitoka kwa jirani ambaye goti lake lilikuwa limekataa kukunjwa. Alikwenda Mocímboa kwa mama mmoja wa Kichina, nyuma ya loja, duka la mabati, karibu na bandari, na sasa anachutama anapalilia. Nilimwuliza infermera, mwuguzi wetu wa hapa, mwanamke mkali asiyecheka. Akasema, "Ukitaka nenda, lakini vidonge vya daktari umalize. Na uangalie sindano. Iwe mpya, ifunguliwe unaona. Na mtu wa kweli atakuuliza maswali mengi mpaka uchoke." Wifi alikuwepo, akadakia.

"Sindano ya dawa gani?"

"Haina dawa," infermera akasema.

"Sindano isiyo na dawa! Basi si mumlaze tu kwenye miba ya mchongoma, ni bure."

Nikaenda na mjukuu wangu ili anifasirie, maana yule mama Kiswahili hakijui, ana Kireno cha kuokota okota. Nilitegemea nini sijui. Labda meza ya chuma, labda bata. Bata ndivyo tunavyoliita huku koti jeupe la daktari. Nikakuta mwanamke wa umri wangu, kavaa gauni la maua na ndala, anatafuna mbegu na kutema maganda kwenye kopo, anamfokea mtu kwenye telefone. Chumba kina kitanda kimoja na pazia. Ukutani kuna kijisanduku chekundu, na mbele yake ubani unawaka. Nikaona ubani, nikaanza kushuku.

Alizima telefone, akaniweka kwenye kiti, akaanza. Nalala saa ngapi? Nakula nini? Nina sukari? Presha? Vidonge vya hospitali namaliza? Choo napata vipi? Mjukuu wangu akafasiri hilo la choo akiwa anatazama sakafu. Nikajibu kwa hasira. Kisha akaniambia nitoe ulimi. Mimi, mtu mzima, mke wa mwalimu wa chuo, nimtolee mtu ulimi! Kwetu mtoto akikutolea ulimi unamchapa. Nikautoa kidogo tu, kama mjusi. Akanishika mkono, akaweka vidole vyake kwenye mshipa wangu, kama anasikiliza mtu anayesema mbali. Halafu akasema maneno, na katika maneno hayo nikasikia "vento".

"Anasemaje?"

Mjukuu akasita. "Anasema umeingiwa na upepo, Bibi. Upepo umeingia shavuni."

Nani asiyejua upepo ni nini? Pwani hii yote, ukisema mtu kapigwa na upepo, hujasema habari za hewa. Umesema jini. Umesema ngoma, fukizo, kuku mwekundu, na mtu wa kukuambia anadai nini huyo aliyekukalia. Mume wangu alikaa miaka yote akiwafundisha watoto Kurani na kuwakataza watu mambo hayo. Nami nikawa namtazama yule mama anachukua kijiti kinene kama sigara, anakiwasha, moshi mzito unatoka, anakisogeza usoni pangu. Fukizo!

"Mwulize, nitapona kabla ya harusi?"

Mjukuu akauliza. Yule mama akainua mabega. Akasema neno ambalo hata mimi nalijua. "Não sei." Sijui.

Nikasimama. Nikamwambia mjukuu, "Inuka twende. Mganga wa pepo, na hata kupiga ramli hajui."

"Bibi, hajakwambia pepo..."

"Amesema upepo au hakusema?"

"Amesema, lakini..."

"Basi."

Yule mama alinifuata mpaka mlangoni, ameshika kijikaratasi chenye sindano ndani, bado hakijafunguliwa. Anakionyesha, anasema jambo. Sikumgeukia. Kile kijikaratasi nakiona mpaka leo.

Mtoto wa mama yangu mkubwa anakaa Mtwara, nami namwita dada. Tukazungumza kwa telefone, akaniambia kwao kuna daktari wa sindano, kijana msafi, ana ofisi yenye kioo. Nikavuka Ruvuma, nikafika kwake, nikamwambia habari za mwanamke wa Mocímboa, moshi wake na mbegu zake. Kisha nikamwuliza, "Na huyu wenu, ana bata?"

Dada akanitazama. "Sijui kama anafuga. Bata wa nini, wa kuchinja?"

Tulicheka mpaka chozi likatoka kwenye jicho langu bovu, ambalo lilikuwa linatoka chozi lenyewe hata bila kucheka.

Yule kijana alikuwa nalo, bata, jeupe limepigwa pasi. Ukutani ameweka picha kubwa ya mtu asiye na ngozi, ana mistari na nukta mwili mzima. Kijana mzuri, ana adabu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu."

"Hii ni neva, mama. Neva tu."

"Si upepo?"

Akatabasamu. "Upepo hayo ni maneno ya bibi zetu."

Huyo ndiye, nikasema moyoni. Hakuniuliza sukari, hakuniuliza choo, wala hakuniomba ulimi. Niliona ni heshima. Nikamwambia habari ya harusi na kigelegele. Akasema, "Mama, kabla ya siku hiyo utapiga mpaka Zanzibar wakuulize kuna nini." Dada akapiga makofi. Nami nikalala kwenye kitanda chake, nikafumba jicho moja, na kwa lile linalobaki wazi nikaona vizuri sana sindano zake zilikuwa wapi. Zilikuwa zimesimama ndani ya kikombe cha kahawa, kwenye maji yenye harufu ya spiriti. Akachomoa moja, akaipangusa kwa pamba, akanichoma. Siku iliyofuata nikaona zimerudi kikombeni, na mtu aliyetoka kabla yangu alikuwa ametobolewa mgongoni.

Maneno ya infermera yalinijia. Yalikuja yakasimama mbele yangu kabisa. Nikayaambia, nyamazeni, huyu ana bata.

Ndilo linaloniuma. Kutojua si aibu, nani anazaliwa anajua mambo ya Wachina? Mimi nilijua. Jicho langu halikuweza hata kufumba nisione. Nilikaa nikaona, na nikaona haya kumwuliza kijana mwenye adabu, nisije nikaonekana mshamba wa ng'ambo ya mto.

Nikakaa Mtwara wiki baada ya wiki. Kila nikirudi kutoka kwake dada ananiambia, "Leo afadhali," na mimi najaza maji kinywani, yanatoka. Kisha chini ya sikio pakaanza kuwasha, pakapata moto, pakavimba. Likawa jipu, shavu zima likawa kama andazi. Kijana akasema ni dalili njema, uchafu unatoka. Dada naye hapo akashtuka. Akanipeleka hospitali akiwa amenishika mkono kama mtoto.

Daktari wa pale, mwanamke, alilitumbua na kulisafisha. Aliniuliza huku anafanya kazi.

"Hizi sindano zilitoka wapi, bibi?"

"Kikombeni."

"Kikombe gani?"

"Cha kahawa."

Akaacha kufanya kazi. "Na wewe ulikiona?"

"Nilikiona."

Akachukua pamba nyingine. Afadhali angenitukana.

Walinipima damu kwa yale maradhi yanayokwenda kwa sindano. Nikangoja majibu, na Mungu akanisitiri. Lakini daktari alisema shavu lile lisiguswe na sindano yoyote mpaka kidonda kikauke kabisa. Na mwezi wa Ramadhani ulikuwa umeshaandama.

Niliporudi Olumbi mjukuu wangu alikuja kunipokea. Akaona bandeji, akaanza kulia pale pale mbele ya watu.

"Ni mimi, Bibi. Ni mimi niliyesema upepo. Ningesema baridi. Ningesema hewa. Neno lilinijia moja tu."

Hapo ndipo ningemnyamazisha. Hapo hapo, barabarani. Neno alilisema sawasawa, Mreno akisema vento Mswahili atasema upepo, atasema nini kingine? Aliyelivalisha jini ni mimi. Lakini nilikuwa nimechoka, shavu linapiga, nimeona aibu, nikamwambia tu, "Haya, yamepita." Yamepita si jibu. Ukimwambia mtu yamepita, umemkubalia kwamba ni yeye. Akaubeba mzigo ule Ramadhani nzima, anapika uji wa futari amenyamaza, na mimi nakunywa uji upande mmoja wa mdomo, namwona, na nimenyamaza pia.

Kidonda kilipokauka, yeye ndiye aliyesema, "Bibi, twende tena Mocímboa." Nikatafuta buibui.

Yule mama wa Kichina alikuwa pale pale, na mbegu zake. Aliniangalia, akaangalia kovu, akapiga ulimi. Akauliza kitu kwa ufupi. Mjukuu akasema, "Anauliza nani kakufanya hivi." Nikamwambia amwambie, mtu mwenye bata. Mjukuu akafasiri, na yule mama akacheka, cheko baya la mtu aliyeona mengi, kisha akaniashiria nitoe ulimi. Nikautoa wote.

Ndipo nikamwambia mjukuu, "Mwulize. Ule upepo aliosema, ni shetani?"

Akauliza. Yule mama hakuelewa. Mjukuu akazunguka, akaeleza, akatafuta maneno, mpaka akaelewa. Basi alicheka mpaka akakohoa, mpaka akashika meza. Aliponyamaza akanyoosha kidole juu. Juu kulikuwa na feni, inazunguka. Akaonyesha feni, akaonyesha shavu langu, akaweka mikono chini ya kichwa kama mtu aliyelala.

"Anasema upepo huu, Bibi. Wa hewa. Wao wanasema mtu akilala baridi inampuliza usoni, inaingia. Anauliza ulikuwa unalala wapi."

Nilikuwa nalala wapi? Posa ilipoletwa, upande wa mume ulileta, pamoja na vitenge na sinia, feni ya sola. Mjukuu akanipa mimi. "Bibi ndiye anayeumia na joto." Nami niliiweka juu ya kasha, kichwani pangu, upande wa kushoto, na ilinipuliza kila usiku kama malkia. Hospitali hawasemi mambo ya feni, wao wanasema neva basi, na sijui nani ana haki. Pengine wote. Lakini upepo alioutaja yule mama ulikuwa mdogo kiasi hicho. Wa kuzimwa kwa kidole. Na ule moshi ulikuwa wa majani tu, wa kupashia ngozi moto.

Akafungua kijikaratasi mbele yangu. Akanionyesha sindano, nyembamba kama unywele. Akachoma shavu, akachoma na hapa kati ya kidole gumba na cha shahada, nikahisi kitu kizito kimeamka ndani ya mkono. Alipomaliza akazitupa kwenye chupa. Nikamwuliza tena lile swali la mwanzo, harusi. Akasema tena lile jibu la mwanzo. Safari hii nililipokea. Lakini aliongeza neno, na mjukuu hakutaka kunifasiria. Nikamkazia macho.

"Anasema... ungekaa ile siku ya kwanza. Anasema mapema ni mapema."

Tukaenda kila tulipoweza. Lililoamka kwanza ni jicho. Siku moja nilifumba kwa sala nikaona giza pande zote mbili, nikalia kwa ajili ya giza. Mdomo ukafuata nyuma, unavuta mguu. Nikaweza kunywa chai bila kitambaa. Nikaweza kusema mazishi, na nikamwambia wifi neno lile makusudi. Kigelegele hakikuja. Nilikuwa najaribu nikiwa naosha vyombo, sufuria zikilia nisisikike.

Mjukuu alitaka kuisogeza harusi. Nilikataa. Nikamwambia watu wa mume wameshafunga safari kutoka Palma na hata kisiwani Vamizi, mbuzi wameshanunuliwa, harusi haisubiri mdomo wa kikongwe. Siku ya hina, amenyoosha mikono ikauke na hawezi kufanya kitu, nikaona sasa hana pa kukimbilia. Nikamwambia, "Neno ulilisema sawa. Lile neno halikuwa na kosa. Ulisikia?" Akaitika kwa kichwa. Lakini nilikawia mno kumwambia, kama nilivyokawia kwa sindano. Liliingia nusu.

Siku yenyewe, wanawake walijaa uwanja mpaka nje ya ua. Nyuso nyeupe kwa msiro, ule unga wa mti tunaojipaka, kanga sare. Mimi nilisimama nje ya mlango, peke yangu, ndivyo inavyotakiwa. Ndani alikuwa bibi harusi amefunikwa, nauona ukingo wa mguu wake wenye hina juu ya kizingiti. Pakawa kimya. Nikavuta pumzi, nikaweka mkono mdomoni, ulimi ukaanza kupiga.

Kikatoka fuuu. Upepo. Upepo mtupu, na mate.

Mtoto mmoja akacheka, akafinywa. Nikavuta tena. Fuuu. Nilimwona binti yangu, sitasema uongo, nilimwona ameshika kanga yangu. Changu na chako. Nilikuwa sina hata changu.

Ule mguu haukushuka. Kutoka chini ya ushungi nikasikia, pole pole, "Nasubiri, Bibi." Angesubiri mpaka jua lizame, namjua.

Nikageuka nikamtafuta wifi yangu. Alikuwa mbele kabisa, amekaza midomo yote miwili, machozi yanateremka kwenye msiro. Hakusogea. Angeweza kukipiga zamani, mwanya alikuwa nao, maisha yake yote alikuwa anausubiri mwanya huo. Alikuwa ananitazama anangoja niseme. Nikamwitikia kwa kichwa.

Akapiga. Na kilikuwa cha mbuzi, wallahi, kilipanda kikakwama, kikapasuka katikati. Wanawake wote wakadakia wakakifunika, na mguu wenye hina ukavuka kizingiti, mjukuu wangu akatoka kuolewa kwa kigelegele cha mtu asiye mama yake wala bibi yake.

Jioni, masufuria yanasuguliwa, wifi alikuja akakaa karibu yangu kwenye jamvi.

"Kilikuwaje?" akaniuliza.

"Cha mbuzi."

"Najua," akasema. Akaniegemea.

Bado naenda Mocímboa mara moja moja. Yule mama hunipa mbegu natafuna upande wa kulia. Na sasa, siku nyingine, nikiwa shambani kwenye mihogo, hakuna mtu, naweka mkono mdomoni najaribu, nacho kinatoka. Kifupi, kimekatika pembe, lakini ni chenyewe, nakijua. Ndege wanaruka. Nasimama pale na jembe langu. Mke mwenzangu yuko Palma, nyumbani kwa mumewe, na Palma kigelegele hakifiki.